Mgongo wa Paa

Mama alipojenga hakuuliza habari za mito.
Aliuliza upepo unatokea wapi, na jirani anafuga mbwa au hafugi,
akasimamisha nyumba palepale juu, Poroto,
ambapo ukungu huingia ndani bila hodi
na Julai viazi huamka vimepakwa umande mweupe kama unga.
Bati alinunua mojamoja, kwa pesa ya pareto.
Ndiyo maana paa letu lina kutu za rangi tatu.

Mwaka mmoja akaja kijana wa ofisi ya maji, Chengula,
na chombo chake cha miguu mitatu.
Akachungulia mbele, akachungulia nyuma,
akavua kofia, akacheka peke yake.
"Mama, maji ya mbele haya yanashuka Nyasa,
yanatoka na Shire, yanamezwa na Zambezi.
Ya nyuma, kwenye zizi, ni ya Usangu:
Ruaha, halafu Rufiji.
Tone likipasuka juu ya mgongo wa paa lako
nusu zake hazionani tena mpaka baharini."
Mama akamwambia, "Kunywa uji, unapoa."
Ila tangu siku hiyo akatega ndoo mbili,
moja kila upande,
zisije zikaoneana wivu.

Alipokufa tukagawana.
Hatukugombana. Tulinyamaza, jambo baya zaidi.
Asajile akachukua nyuma,
akauza ng'ombe, akateremka Mbarali kulima mpunga.
Mimi nikabaki na mbele, na makaburi.

Sasa kila Oktoba hunipigia simu,
yeye ambaye msiba wa mume wangu aliutumia ujumbe.
"Sekela, imenyesha huko?"
Hujambo hakuna.
Nyuma yake nasikia watu wakibishana kwenye banio,
zamu ya nani, nani kafungua usiku kwa jembe.
Anasema mfereji umebaki tope na vyura,
na huko chini zaidi, mbugani,
viboko wamebanana kwenye dimbwi moja
kama viazi kwenye lumbesa.

"Imenyesha," nikamjibu. "Lakini upande wangu."

Kimya.
Kisha akacheka, kicheko cha mama kabisa,
kile kinachoanzia puani,
simu ikakatika. Salio, au aibu.

Jioni nikaosha viazi vya chakula.
Maji yakawa mazito, yana rangi ya mlima.
Siku zote humwaga mlangoni: hatua mbili, Nyasa.
Siku hiyo nikalibeba beseni, na mgongo wangu huu,
nikaizunguka nyumba, nikalipita zizi tupu,
nikamwaga nyuma.

Hesabu naijua. Ardhi iliyanywa kabla sijageuka,
bata akaingiza mdomo, basi.
Toka hapa hadi kwenye banio lake
kuna makorongo, kuna mizizi ya mikaratusi,
kuna pampu za watu, na mashamba makubwa
yenye mabomba mapana kuliko mlango wangu.
Hata hivyo nilisimama na beseni langu
nikisikiliza,
kama mtu aliyetuma salamu
na hajui kama aliyetumiwa bado anakaa palepale.

Alfajiri ikanyesha. Mgongo wa paa ukapasua.
Nikatega ndoo moja tu, ya mbele.
Ya nyuma nikaiacha iende.