Mshenga wa Namba

Juma la tatu la Januari. Mto Emajõgi umeganda,
Tartu nzima inatembea kama inabeba mayai,
na ripoti ya wizara inatakiwa Ijumaa.
Nimepewa dawati kando ya kipasha joto kinachokohoa,
nywila kwenye kikaratasi cha manjano,
na swali: imekuwaje idara ya jiolojia
iwe na makala nyingi kuliko ilizoandika?

Maarika, mwaka wa kumi na tisa katika chumba hiki,
hakunijibu. Alipasua pakiti tupu ya kahawa
akachora upande wake wa fedha.
Watafiti. Makala. Ruzuku.
"Kila mtu na namba yake. Usiamini jina.
Jina huolewa, huachika, hukosewa herufi.
Namba haiolewi."

Kisha, kati ya watu na makala,
kisanduku chembamba ambacho sikukielewa:
hakina anwani, hakina tarehe,
namba mbili tu ubavu kwa ubavu,
huyu na hii, huyu na ile, yule na hii tena,
zote zimetoka kwingine, funguo ngeni,
na mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mshenga, nikasema moyoni.
Abisha huku, abisha kule,
mahari hali, picha za harusi hayumo,
lakini mwondoe, uone kama kuna ndoa.

Na hapo kosa langu likanitazama usoni.
Makala moja, waandishi watano,
nami nimeandika tano.
Nilikuwa nahesabu washenga
nikidhani nahesabu harusi.

Jumatano tulimpigia Tiiu Lember,
ambaye mfumo ulimjua pia kama Tiiu Saarepuu,
wanawake wawili, ofisi moja, siku moja ya kuzaliwa.
"Wote ni mimi," akasema. "Mmoja sipendi kumkumbuka.
Ila makala zake msizitupe,
zile chumvi nilizipima mwenyewe."

Alhamisi, barua kutoka utumishi:
Heldur Vinkel, mtaalamu wa vinamasi,
alifariki Novemba. *Aondolewe.*
Nikamtafuta, nikambofya, nikabonyeza kufuta.
Mashine ikakataa, kwa herufi nyekundu:
*Mistari arobaini na mmoja inautegemea mstari huu.*
Nikabonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango
huku anasikia kabisa kwamba ndani wamekataa.

"Unaweza," Maarika alisema, hakugeuka.
"Anza na hao arobaini na mmoja.
Wa kwanza ni tasnifu ya binti yangu."

Kipasha joto kikakohoa.
Akanisogezea kinanda, akanionyesha safu
ambayo sikuwahi kuijaza: *mwisho wa ajira*.
Niliandika tarehe. Mashine ikapokea bila neno.
Heldur alikaa pale pale, namba 0417,
kama kitu kilichozama kwenye vinamasi vyake,
ambamo, binti yule ameandika ukurasa wa tatu,
hata jani la miaka elfu halijaamua kuoza.

Ijumaa saa tisa tulituma.
Saa tisa na robo mkuu wa idara alikuwa kwenye simu,
sauti yake imepanda ngazi kabla yake:
makala mia tatu na arobaini mwaka jana,
leo mia moja na themanini na sita, nani kazila?

Hakuna aliyekula, nikamwambia.
Nilikuwa nimeikunja ile pakiti mfukoni;
vidole vyangu vilinuka kahawa hadi Jumapili.