Jino la Offenbach

Sisi wa Frankfurt tuna utani wetu wa kale:
kwamba kizuri cha Offenbach ni treni ya kurudia.
Nimeucheka miaka thelathini na moja
kwenye hafla za benki, glasi mkononi,
na huo mji wenyewe, dakika kumi na mbili kwa reli,
sikuujua hata kichochoro.

Kisha Daktari Kreutzkamp akapandishiwa kodi,
akafunga virago, kiti chake cha meno na vyote,
akahamia huko.
Jino bovu halina majivuno.
Nikamfuata, shavu nimelifunga skafu.

Alichimba, akajaza, akaonya:
wiki tatu, Bi Roswitha, usitafune.
Supu. Mtindi. Uji ukiuweza.
Nikatoka na mdomo uliokufa ganzi nusu,
udenda ukinitiririka bila ruhusa,
na mtaa mzima, naapa, ulikuwa unakula.

Usilolijua ni usiku wa giza, wasema,
lakini usiku ule ulikuwa na taa za kijani,
taa nyekundu, na moja inayopepesa ikitaka kufa
juu ya mlango wa Mwafghani mmoja
anayechomoa tanurini mikate mirefu
kama ubao wa kupigia pasi.
Jirani yake nyama ililia juu ya makaa.
Mbele kidogo wali, zafarani, vitunguu vilivyokaangwa
hadi vikasahau kwamba viliwahi kumliza mtu.
Nikazungukazunguka nikisoma menyu za madirishani,
nikimeza mate yangu mwenyewe.

Alhamisi ya pili nikarudi. Daktari hakuniita.

Alhamisi ya tatu mwanamke akafungua mlango,
kitambaa cheupe kichwani, mwiko mkononi:
"Mama, unasoma menyu yangu
kama hati ya mkopo. Ingia."
Nikamwonyesha shavu.
Letebrhan akacheka, cheko la mtu aliyezaa watano.
"Hiki changu hakitaki meno."

Injera, laini, ina vitundu kama sifongo,
na shiro, unga wa dengu uliopikwa
hadi ukakubali kuwa kitu kingine.
Uma haukuja. Kijiko hakikuja.
Mkono wangu wa kulia, uliotia sahihi mamilioni,
ukaona haya kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Nilichuruzisha mchuzi hadi kwenye kiwiko.
Hakuna aliyetazama.

Au alitazama mmoja: Dragutin, dereva wa basi,
aliyeketi meza hiyohiyo kwa kuwa hapakuwa na nyingine.
Nikamsimulia ule utani wetu. Sijui kwa nini. Ganzi, labda.
Nikamuuliza, na ninyi huku mnatusema vipi?
Akafikiri, akapangusa sinia kwa kipande cha mwisho.
"Hatuwasemi sana," akajibu.

Nilipotafuta pesa, Letebrhan akaushika mkoba wangu,
mkoba wa marehemu mama, ngozi ya kahawia,
akaupindua, akasugua kwa kidole gumba.
Ndani ya kifuniko, muhuri mdogo uliofifia:
Offenbach.
Mama hakunena. Alikuwa akisema tu, ni wa zamani.

Sasa jino limepona. Daktari amesema, mwakani.
Nami bado kila Alhamisi nipo kwenye ile treni,
na wiki hii nilinunua ule mkate wa Mwafghani,
ukakataa kuingia mkobani, ukachungulia nje
kama shingo ya bata mzinga.
Behewa zima likanuka tanuri.
Kijana mwenye tai akaondoa vidude masikioni,
akaniuliza nimeupata wapi.
Nikamega, nikampa, nikamega changu,
nikatafuna kwa upande ule ule uliochimbwa,
na nikamjibu mdomo umejaa,
neno likatoka nusu makombo.
Ikabidi nilirudie.