Zamu ya Bi Sikudhani

Barua ya chuo ilisema: tarehe kumi Januari.
Haikusema tafadhali.
Dola elfu tatu mia nne, kisha nukta, kisha sufuri mbili
zinazokutazama kama macho ya samaki wa kwenye jokofu.

Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sufuri,
pumzi inaganda kwenye kope.
Usiku nilipiga deki benki ileile
iliyoninyima mkopo mchana.
Sakafu yao ilinijua kwa magoti.

Jumapili, upatu, kwa Mama Aneth, juu ya duka la matairi.
Viatu vimepangwa mlangoni
vikidondosha theluji kwenye magazeti.
Wanawake kumi na wawili, kila mmoja na mia tatu yake.
Mimi mgeni, zamu yangu ya mwisho, Aprili.
Januari ilikuwa ya Bi Sikudhani,
mfuaji wa mashuka ya hospitali,
aliyekuwa akingojea meno tangu Mei:
manne, ya mbele. Daktari alishapima,
alishachukua umbo la ufizi kwa udongo laini wa waridi.

Sikuomba. Naapa sikuomba.
Nilikuwa naikunja barua tu, naikunja tena,
mpaka ikawa ndogo kama hirizi.
Akaitwaa, akaikunjua,
akamwuliza Mama Aneth, hapa pameandikwaje?
Kisha, kiganja kikiziba mdomo kama kawaida yake:
"Nyama nitaendelea kuiponda. Mpeni mtoto."
Mmoja akakohoa. Mwingine akatia sukari
kwenye chai iliyokwisha kutiwa sukari.

Uhasibu, wiki ya kwanza.
Mhadhiri akachora mstari katikati ya ubao,
huku kilichoingia, huku kilichotoka,
na pande mbili sharti zilingane.
Nikaandika tarehe. Nikaandika tatu, nne, sufuri, sufuri.
Meno manne sikujua niyaweke safu ipi.

Dawa ya deni kulipa:
Aprili bahasha ikawa yake, nikamkabidhi kwa mikono miwili,
akaihesabu, akaitia kifuani.
Mei nikamkuta bado anacheka na kiganja.
Nikamwuliza.
Akatazama dirishani, akakunguta kanga isiyo na vumbi.
"Binti wa Hawa naye kaletewa barua," akasema,
"na barua zao hizo, mwanangu,
hazijui kubembeleza."