Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kijana alikuja na kitabu kisicho na jalada la mbele,
akasema, Bi Somoe, nitolee kopi yote,
kurasa mia na kumi na mbili.
Mashine ilikwisha pata moto
kwa stakabadhi za ghalani na vyeti vya kuzaliwa.
Nikafunua, nikabana, mwanga ukapita.
Nikafunua, nikabana, mwanga ukapita.
Nilipofika wa arobaini na moja
mlinzi wa pampu alikuwa kasimama mlangoni
anasikia maji yakipanda bombani
na umeme wa Newala nzima umekatika.

Nikasahau kubana.

Kijana akakohoa. Nikamwambia, ngoja.
Nani huyu aliyeleta mzuka wake huku kwetu,
juu uwandani, maji yanakonunuliwa kwa ndoo,
asiupeleke Dar kwenye maghorofa?
*Pampu Namba Tisa*. Dadi Mchopa. Simjui.
Miaka kumi na moja nauza kalamu, bahasha za kaki,
hesabu za kidato cha pili,
na sijamuuliza hata mteja mmoja
kama huku kwetu yupo anayetunga.

Tukapiga hesabu, mimi na kijana:
ukurasa mia, jumla elfu kumi na moja na mia mbili.
Nyuma ya kitabu, kwa muhuri uliopinda: elfu tano.
"Sasa mbona usinunue?"
"Kinauzwa wapi, Bi Somoe?"

Nikatazama rafu zangu.
Mtaa mzima huu, duka la vitabu ni mimi.

Chini ya bei palikuwa na namba ya simu.
Ikaita, ikaita, ikapokelewa na vumbi la magunia,
mtu anataja kilo kwa sauti,
themanini na moja, themanini kasoro robo,
kisha: "Nani?"
Nikasema, msomaji.
Hata mizani ilinyamaza.
"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Hakuuliza nimekipata wapi.
Akacheka kama mtu aliyetega na mtego ukafyatuka:
"Basi leo chota maji mapema."

Ana nakala mia mbili na sitini uvunguni, Tandahimba.
Panya wameonja tatu.
Alichapa mwaka ule korosho zilipopata bei,
na mkewe mpaka leo, mvua ikivuja,
hatazami juu kwenye bati,
anatazama chini ya kitanda.

Siku tatu nilikaa na kurasa arobaini mezani.
Watu wa huku tunalo neno lake: kangomba,
kumpimia mtu jasho lake kwa bakuli lako.
Nikampigia, nikaungama.
Akafikiri kidogo.
"Usizichane," akasema. "Zitundike."

Nikafunga kamba toka dirishani hadi kwenye mashine,
nikazibana kwa vibanio vya nguo, moja mpaka arobaini,
na nakala kumi zilizokuja kwa basi
nikaziweka kaunta, karibu na gundi.
Sasa foleni yangu inasoma imesimama.
Muuguzi anamsomea mkulima asiyeona vizuri,
naye mkulima anasema, ongeza sauti, dada,
usile maneno.
Wakifika mwisho wa kamba wanageuka:
"Na hii nyingine iko wapi?"
Elfu tano, nawaambia.
Wapo wanaosonya. Yupo aliyelipa korosho kilo mbili,
akarudi kesho yake na macho mekundu
kunigombeza mimi, kana kwamba mlinzi nimemuua mimi.
Kijana yule kanunua mbili;
moja, anasema, haimwazimi mtu.

Jana kapiga mwenyewe, duka limejaa.
"Bi Somoe, cha pili kimenikwamia.
Mlinzi nimfufue au nimwache?"
Nikaweka simu juu ya mashine, sauti wazi.
Ukazuka ubishi wa kupigwa faini.
Nyuma kabisa, mtu aliyekuja na cheti cha mwanawe
akanyanyua mkono kama yuko darasani:

"Mwache afe.
Ila maji yasikatike."