Sukuma, Usivute

Vantaa, saa tisa usiku. Theluji inayafukia
magari ya watu wa zamu.
Ndani, sanduku lenye miguu sita ya chuma
limebeba marubani wawili na anga zima la uongo.

Mwalimu Ahvenlampi yuko nyuma, chupa ya kahawa mapajani,
kidole juu ya kitufe. Miaka thelathini na mmoja kazini;
ameangusha ndege elfu kadhaa,
hajamwaga damu hata tone.
"Barafu," anasema. Haongezi neno.

Mshale wa mwendo unalegea.
Usukani unatetemeka mikononi mwa Saimi Kortesniemi
kama mbwa aliyeopolewa majini.

Na mikono, ambayo ni ya kale kuliko ndege,
inavuta. Nani asingevuta?
Chini kuna ardhi, juu kuna Mungu.
Anavuta, pua inapanda,
na kadiri inavyopanda
ndivyo ndege inavyozidi kuwa jiwe.

Sanduku halijabanduka sakafuni,
lakini tumbo halina habari hiyo.
Futi elfu thelathini. Ishirini. Kumi na mbili.
Ahvenlampi anamimina kahawa.
Msitu wa kuchorwa unawajia, mti kwa mti,
kisha wekundu, kisha kimya.
"Mmekufa," anasema, bila ubaya. "Tena."

Mara ya pili wanakufa. Ya tatu pia.
Baada ya ya nne anainama begani kwake:
"Bawa halijali unakotaka kwenda, Saimi.
Linajua upepo tu, na pembe unayoukabilia.
Umelikaba. Aliyekabwa haambiwi apande;
hulegezewa kamba.
Sukuma. Usivute."

Anakumbuka ziwa la Inari, ana miaka saba,
barafu inalia chini ya buti zake,
na baba, kutoka ufukweni, hakimbii, hapigi kelele:
*Usisimame, mwanangu. Lala. Lala kifudifudi.*
Jinsi alivyomchukia kwa neno lile.
Jinsi alivyolala.

Mara ya tano.
Usukani unatetemeka, kila mshipa unasema vuta.
Anasukuma.
Ardhi inajaa kioo chote. Anaitazama usoni
sekunde moja, mbili,
sita,
hakuna aliyewahi kuhesabu polepole hivyo,
na mshale unaamka.
Mia na themanini. Mia mbili na kumi.
Upepo unarudi mahali pake. Mtetemeko unakoma.
"Sasa inua," anasema mzee, "taratibu,
kama unayemfunua mgonjwa shuka."

Saa kumi na mbili, ndani ya gari lisilopata joto bado,
anapiga simu kaskazini. Baba huamka mapema.
"Kazi?"
"Nimekufa mara nne."
Kimya, kile kirefu cha kwao,
kinachosikika hadi kuni zikipasuka jikoni.
"Na ya tano?"
"Nililala kifudifudi, baba."