Buluu Mezani

Ukumbi wa shule, Uholanzi, Januari.
Makoti yanachuruzika nyuma ya mlango,
nami nimewaletea meza inayowaka:
kioo kipana, ndani yake mto wao,
na kitufe kimoja cha kuusogeza mwaka.

"Gusa," nawaambia. "Hapa tuta limeinuliwa.
Hapa limerudishwa nyuma, mto upate kujinyoosha."
Vidole vinasita, kama mbele ya uji wa moto.

Wietske Hoekema anagusa.
Buluu inapanda malishoni,
inazunguka ghala, inameza zizi,
taratibu, bila sauti, bila harufu,
na pembeni tarakimu zinajumlisha hasara kwa yuro.

"Mtaro wa Douwe uko wapi?"
Natafuta. Haupo.
Setilaiti haikuuona chini ya matete.
"Basi maji yako yamepotea njia," asema,
na watu wanacheka, hata mhandisi wa wilaya.

Akatoa mkobani kalamu ya wanja,
akachora juu ya kioo changu cha bei kali
mstari mweusi wenye kona mbili;
ya pili akaisahihisha kwa kidole na mate.

Ndipo viti vikasogea.
Mmoja akaweka kijiko: daraja.
Mwingine kifuniko cha chupa: mpeasi wa mama yake,
usiguswe.
Wakabishana hadi kahawa ikapoa,
na ile buluu, kwa mara ya kwanza, ikawasubiri.

Usiku nilifungasha vifaa.
Nilifuta alama zote za vidole
ila ule mstari.
Kilomita themanini niliuendesha mvuani
nimeufunika kwa skafu yangu.