Kile Ukuta Ulichopitisha

Vipimo vinane. Basi.
Mtunzi alipewa nafasi finyu kama ukucha
ndani ya kaseti ya gemu, plastiki ya kijivu,
akaandika vipimo vinane,
kisha akaandika: rudi mwanzo.
Mashine haichoki. Mashine haina mgongo.

Mimi ninao mgongo, na vidole vyenye sugu,
na gita moja lenye ufa karibu na daraja,
na Jumamosi watu thelathini, pengine ishirini,
watakaa ukumbini, maktaba ya Bytom,
hawatavua makoti,
joto haliwashwi kabla ya Oktoba kwisha.

Mara ya kwanza naupiga kama ulivyo.
Mara ya pili ndipo wengi tunapozama.
Nimejaribu kila ujanja:
nimeupandisha oktavo nzima,
nimeukatakata kama kitunguu,
nimeugusa uzi juu ya kipingili cha kumi na mbili
bila kuukandamiza, ukalia kengele.
Ni shati jipya. Mtu yuleyule.

Dada yangu Urszula alisikiliza kwenye simu
huku akitafuna kitu kigumu.
"Dakika moja tu," akasema,
"na nimeshajua unakokwenda."

Jumapili baba alikuja kutengeneza bomba.
Alojzy, mkono wa spana, masikio ya mgodini,
amelala chali chini ya sinki, miguu imejaa jikoni.
Mimi kitini, nazunguka na vipimo vyangu vinane.
Akaanza kuguna nami.
Nota nne nzito. Pengo.
Nota tatu. Pengo refu.

"Baba, wimbo hauendi hivyo."
"Ndivyo unavyokwenda," sinki likajibu,
"mimi nimeulalia miaka mitatu."

Nikaweka gita chini.

Alikuwa zamu ya usiku, makaa ya mawe,
akirudi asubuhi na kope nyeusi,
akilala mchana upande wa pili wa ukuta wangu.
Na ukuta ule ulikuwa mlafi:
ulimeza kila sauti nyembamba,
ukampitishia besi peke yake.

Na yale mapengo?
Mapengo ni mimi.
Mbweha wangu mdogo na taa yake mdomoni
akivuka daraja la barafu,
akiteleza kipimo cha saba, au cha tatu,
au cha tano katikati ya nota,
na wimbo unakatwa, na tunaanza upya.
Sikulivuka daraja lile hata siku moja.
Miaka yote nadhani nilisikia kitu kimoja tu,
kumbe nilikufa kila mara mahali pengine,
na yeye, macho yamefumba, alikuwa anajua.

"Mbona hukugonga ukuta?"
Alitoka chini ya sinki taratibu, kiwiko kwanza.
"Kelele hazikuniamsha," akasema.
"Niliamka uliponyamaza."

Basi, mara ya pili:
nazifunga nyuzi za juu, dole gumba peke yake,
kiganja kimelala juu ya daraja la gita
kama tofali, kama rangi ya chokaa.
Hakuna melodi. Kila mtu ukumbini
atauimba mwenyewe kichwani, au hataimba.

Mara ya tatu melodi inarudi na taa yake,
inapiga hatua, inapiga hatua,
na katika kipimo cha saba naiacha ianguke.
Siikamati.
Muda wa kimya sikuuandika kwenye karatasi.
Nitatazama nani anainua kichwa.

Mara ya nne sijui. Leo Alhamisi,
bomba bado linavuja kidogo,
na baba ameniambia atakuja,
ila atakaa nyuma kabisa,
kile kiti kilichoegemea ukuta.